Ketamini kwa sonona: someni hili kabla ya kuuza kiwanja

Swali

Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 38, ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Huu ni mwaka wa nne anaumwa sonona. Amekonda, siku nyingine anashinda kitandani kajifunika shuka gubigubi. Kabla ya kuugua alikuwa mchangamfu mno; kuna kipindi alikopa pesa akafungua duka la vifaa vya shule na banda la kuku ndani ya mwezi mmoja, usiku halali wala hachoki. Alipewa amitriptilini, kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku, akameza karibu mwaka mzima, akaambulia usingizi tu. Baadaye akaandikiwa fluoksetini, akaacha wiki ya tatu kwa sababu ya kichefuchefu. Ana presha pia. Binamu yetu aliyeko Marekani anasema huko wanatundikiwa dripu ya ketamini na sonona inaondoka siku hiyohiyo. Tumeulizia Nairobi, tumeambiwa dripu sita. Ukijumlisha nauli na malazi, inabidi tuuze kiwanja alichotuachia marehemu baba. Binamu anasema pia anaweza kututumia vidonge vya kuweka chini ya ulimi, ndiyo nafuu. Wiki iliyopita mdogo wangu alisema wanawe wangekuwa na raha zaidi kama yeye asingekuwepo. Je, dawa hii ni ya kweli? Tuuze?

Mama Salma, Tanga

Jibu

Marahaba, Mama Salma. Umeuliza habari za dawa na kiwanja, lakini mimi naanza na yale maneno aliyoyasema wiki iliyopita, kwa sababu hayo hayasubiri.

Mtu anayesema wanawe wangekuwa na raha kama asingekuwepo huenda anafikiria kujiua. Muulize leo, mkiwa wawili, bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Watu wengi wanaogopa kwamba ukiuliza utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Haiko hivyo. Aliye na wazo hilo mara nyingi hupumua anapopata mtu wa kuambiwa. Akikubali, muulize kama ameshafikiria njia na siku. Akiwa nayo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na mfike hospitali siku hiyohiyo, iwe Jumapili au sikukuu. Hata akikataa, kusanya vidonge vyote vya amitriptilini vilivyobaki ukae navyo wewe. Kwa kipimo cha daktari ni dawa nzuri, lakini ikimezwa nyingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na huua. Sumu ya panya na dawa za kupulizia shamba nazo zitoke hapo nyumbani.

Sasa ketamini. Ndiyo, ni ya kweli, na binamu yenu hakudanganya aliposema inafanya kazi upesi.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens wa kampuni ya Parke-Davis, ikaanza kujaribiwa kwa binadamu mwaka 1964, ikaidhinishwa huko mwaka 1970 kama dawa ya usingizi wa upasuaji. Tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muuguzi yeyote wa chumba cha upasuaji katika hospitali zetu za wilaya anaijua vizuri: mama anafanyiwa upasuaji wa uzazi, mtoto anarudishiwa mfupa, umeme umekatika na mashine ya nusu kaputi haipo, ketamini inatumika, na mgonjwa anaendelea kuhema mwenyewe. Ndiyo maana China ilipotaka Umoja wa Mataifa uiweke chini ya udhibiti mkali wa kimataifa, mwaka 2015, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipinga. Hospitali ndogo za nchi kama zetu ndizo zingeumia. Naisifu dawa hii kwa moyo mweupe, na kwa sababu hiyohiyo sitaki iuzwe kwa ahadi isiyoweza kuitimiza.

Habari ya sonona ilianza mwaka 2000, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipotoa majibu ya wagonjwa saba tu waliopewa kipimo kidogo kwa mshipa. Mwaka 2006 taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani ikatoa utafiti uliowashtua wengi wetu. Wagonjwa wake walikuwa wameshindikana kwa dawa za kawaida, na siku moja baada ya dripu moja asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Vidonge vyetu vinachukua wiki nne hadi sita kufika hapo, vikifika. Usiponielewa popote pengine, nielewe kwenye sehemu inayofuata ya utafiti huohuo: baada ya wiki moja, waliobaki na nafuu hiyo walikuwa asilimia 35.

Kwa hiyo ukiniuliza kama inafanya kazi, nasema ndiyo, kwa wengi. Ukiniuliza kama dripu moja inaponya, nasema hapana. Inatoa nafuu ya siku kadhaa, pengine wiki mbili, halafu ugonjwa unarudi taratibu kwa wengi wao. Ndipo wakaja na utaratibu wa dripu sita, mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, mnaotajiwa ninyi. Zikimalizika hizo sita, wengi wanahitaji nyingine za kushikilia, moja kila baada ya wiki mbili, tatu au nne, kwa miezi. Mlipoambiwa bei ya dripu sita, je, kuna aliyewaambia habari ya ya saba na ya nane? Kiwanja kinauzwa mara moja tu, Mama Salma.

Inavyofanya kazi tunaijua kwa sehemu. Vidonge vya kawaida hushughulika na serotonini na noradrenalini. Ketamini inaziba kwa muda vipokezi vinavyoitwa NMDA, vinavyopokea kemikali nyingine ya ubongo, glutameti. Katika panya wa maabara, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ndani ya siku moja viungio kati ya seli za neva, vilivyokuwa vimenyauka kwa mateso ya muda mrefu, vilianza kuchipua upya sehemu ya mbele ya ubongo. Kama kwa binadamu ni hivyohivyo kabisa, wataalamu bado wanabishana.

Nikueleze siku ya dripu yenyewe inavyokuwa, maana watu huisikia kama muujiza au kama ushetani. Mgonjwa anakaa kwenye kiti cha kulalia, hajala kwa saa kadhaa. Anapimwa presha, anawekewa kifaa cha kidole cha kupima oksijeni, anafungwa kanula. Kipimo cha kawaida ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito. Mdogo wako akiwa na kilo 70 atapata miligramu 35, ikishuka taratibu kwa dakika 40. Kwa upasuaji angepigwa miligramu 70 hadi 140 kwa mara moja. Dakika ya kumi hivi midomo inakufa ganzi, sauti za watu zinasikika kama zinatoka chumba cha pili. Mwili unakuwa mwepesi au haupo kabisa; wengine wanajiona kutoka juu, wengine kuta zinapumua, wengine wanaona saa moja imepita kumbe ni dakika tano. Wapo wanaofurahia na wapo wanaoogopa wakataka kung'oa dripu. Presha inapanda kwa muda huo, kwa wengine sana. Wengine wanatapika. Dripu ikiisha, mambo hayo huondoka ndani ya saa moja au mbili, lakini siku hiyo asiendeshe gari wala bodaboda, na asirudi peke yake.

Na hapa presha ya mdogo wako inaingia. Isiposhuka na kutulia kwa dawa kabla ya siku ya kwanza, daktari makini hatamtundikia kitu. Vilevile haitolewi kwa mtu aliyewahi kupata uvimbe kwenye mshipa mkubwa wa damu, aliyevuja damu kichwani, mjamzito, au anayesikia sauti na kuona visivyoonekana kwa ugonjwa wa akili. Mtu mwenye historia ya ulevi au madawa ya kulevya anahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa ketamini ina uraibu wake. Wanaoitumia kila siku mitaani huharibu kibofu hadi wanakojoa damu kila baada ya dakika chache, na baadhi hawaponi hata wakiacha. Kwa kipimo cha hospitali, mara chache na kwa uangalizi, madhara hayo hatuyaoni kwa kiwango hicho. Lakini anayepewa kwa miezi lazima kibofu na ini lake vifuatiliwe.

Kuna jambo moja matangazo hayalitaji. Ni vigumu mno kuipima ketamini kwa haki, kwa sababu mgonjwa anajua amepewa nini: aliyepewa maji ya chumvi hawezi kuona kuta zinapumua. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wagonjwa 40 wa sonona ketamini au maji ya chumvi wakiwa wamelala nusu kaputi kwa ajili ya upasuaji mwingine, hivyo hakuna aliyejua amepata nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na hayakutofautiana. Utafiti ule ni mdogo, na dawa za usingizi zenyewe huenda ziliingilia, hivyo siutumii kusema ketamini haina kitu. Lakini unaonyesha kwamba matumaini, kuhudumiwa na watu wanaokujali na kusubiri siku kubwa vina nguvu yake ndani ya nafuu ile. Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine mkubwa zaidi, watu 403 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya ketamini na tiba ya umeme (umeme kidogo hupitishwa kwenye ubongo), wote wakiwa na sonona sugu isiyo na dalili za kupoteza uhalisia. Baada ya wiki tatu asilimia 55 ya waliopewa ketamini walikuwa wameitikia, dhidi ya asilimia 41 wa tiba ya umeme. Utafiti wa Sweden wa mwaka uliotangulia, kwa wagonjwa waliolazwa na kuumwa zaidi, ulikuta tiba ya umeme ndiyo iliyoshinda. Nataja haya kwa sababu tiba ya umeme kwetu imejaa hofu, wakati ikifanywa kisasa, mgonjwa akiwa amelala na misuli imelegezwa, ni miongoni mwa tiba zenye nguvu kuliko zote tulizonazo kwa sonona kali.

Kwa magonjwa mengine ushahidi ni mwembamba zaidi. Kwa athari za kiwewe, watu 30 jijini New York walipewa dripu sita kwa wiki mbili, na theluthi mbili waliopata ketamini waliitikia, huku waliopata dawa ya kulinganishia wakiwa mmoja kati ya watano. Utafiti mkubwa zaidi wa wanajeshi na askari wastaafu haukurudia matokeo hayo. Kwa ulevi na kwa ugonjwa wa kurudiarudia mambo kuna tafiti ndogo ndogo. Akikuambia mtu kwamba inatibu wasiwasi, uraibu, maumivu, ndoa na kukosa usingizi kwa pamoja, mshukuru uondoke.

Sasa turudi kwa mdogo wako, maana barua yako ina mambo matatu ambayo kwangu ni makubwa kuliko ketamini yenyewe.

La kwanza ni amitriptilini. Miligramu 25 usiku ni kipimo cha kuleta usingizi na kupunguza maumivu ya neva. Kwa sonona, mtu mzima hupandishwa taratibu hadi miligramu 75, 100, 150, huku daktari akiangalia moyo na presha. Mdogo wako alimeza mwaka mzima kipimo ambacho hakikuwa cha ugonjwa wake. Naliona hili mara nyingi mno kwenye kadi za wagonjwa, na linaniuma, kwa sababu mgonjwa anaondoka akiamini mwili wake umekataa dawa.

La pili ni fluoksetini. Wiki tatu hazitoshi. Kichefuchefu chake huja siku za mwanzo na kwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili, hasa dawa ikimezwa asubuhi baada ya chakula. Na isipovumilika, zipo ndugu zake, kama setralini, zinazoweza kumkubali. Tunaposema sonona sugu, na hapo ndipo ketamini inapoingia, tunamaanisha mtu aliyetumia angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa kipimo kamili na kwa wiki sita hivi. Kwa hesabu hiyo mdogo wako hajashindwa na dawa hata moja. Hajapewa nafasi.

La tatu ndilo linalonifanya nikuandikie kirefu hivi. Umesema kuna kipindi hakulala usiku, hachoki, akakopa na kufungua biashara mbili ndani ya mwezi. Wewe umeliita uchangamfu. Mimi nikilisikia nauliza maswali mengine: alikuwa anaongea haraka hadi mnashindwa kumfuata? Alikuwa anatumia pesa hovyo, anajiona ana akili kuliko wote, anagombana na watu ambao hakuwahi kugombana nao? Iliendelea zaidi ya siku nne, au wiki? Kama majibu ni ndiyo, huenda hii si sonona ya kawaida. Huenda ni ugonjwa wa hisia mseto, unaopanda juu na kushuka chini, na anayeonwa akiwa chini huandikiwa dawa za sonona peke yake. Dawa hizo peke yake mara nyingi hazimsaidii, na wakati mwingine humrusha juu tena. Anayehitajika hapo ni daktari wa kumwanzishia dawa za kutuliza mabadiliko hayo, kama lithiamu, valproeti au kwetiapini, kutegemea figo, ini na presha yake. Ketamini imejaribiwa kwa watu wa namna hii, Marekani mwaka 2010, na ikaleta nafuu ya haraka, lakini wote walikuwa tayari wanatumia lithiamu au valproeti. Kumpeleka Nairobi akatundikiwe bila swali hili kujibiwa ni kuruka hatua.

Vipimo viwili au vitatu vya damu navyo vifanyike: thairoidi (tezi ya shingoni), wingi wa damu, sukari. Thairoidi iliyolala inaweza kumfanya mtu mzito wa mawazo, asiyetaka kuinuka kitandani, na ikatibiwa kwa kidonge cha bei ndogo.

Vidonge vya chini ya ulimi kutoka Marekani: hapana, na mwambieni binamu kwa upole kwamba nia yake ni njema. Vidonge hivyo hutengenezwa kwa maagizo maalumu katika famasi, havijaidhinishwa kwa sonona, na mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe ilitoa onyo Oktoba 2023 kuhusu watu kuvitumia nyumbani bila mhudumu. Mwezi huohuo mwigizaji Matthew Perry alikutwa amekufa kwenye bwawa la nyumbani kwake, na uchunguzi ukataja ketamini kuwa chanzo kikuu. Mdogo wako ana presha na ana mawazo ya kufa. Dawa hii isiingie nyumbani kwenu kwa bahasha.

Ipo pia esketamini, namna ya ketamini ya kupuliza puani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa jina la Spravato. Hata hiyo haruhusiwi mtu kwenda nayo nyumbani: anapuliza mbele ya mhudumu na kukaa chini ya uangalizi saa mbili. Ni ghali, na Uingereza, taasisi inayoshauri huduma za afya za umma ilikataa kuipendekeza mwaka 2022. Sioni sababu ya ninyi kuikimbilia.

Huenda miezi mitatu ijayo, baada ya kipimo sahihi na dawa sahihi, mdogo wako akawa bado kitandani. Hapo tutazungumza tena habari ya ketamini, na sitakuwa na kinyongo nayo. Siku hiyo iulizeni kliniki: ni daktari wa magonjwa ya akili ndiye atakayemwona kwanza, na kwa muda gani? Nani anakaa naye dakika zote 40, na je, ana uwezo wa kufungua njia ya hewa akizimia? Presha ikipanda, mna dawa gani mkononi? Baada ya dripu ya sita mpango ni nini, nani ataandika dawa za kuendelea, nani atazungumza naye zile siku akili yake ikiwa nyepesi? Chupa ya ketamini yenyewe ni bei ndogo, hata hapa kwetu. Mnacholipia ni watu wa kumwangalia kabla, wakati na baada. Kliniki isiyo na majibu ya maswali haya inawauzia kile ambacho hospitali yoyote ya wilaya inacho kabatini.

Kiwanja msikiuze sasa. Kesho asubuhi nendeni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, muulize kitengo cha afya ya akili. Nenda naye wewe mwenyewe, kwa sababu yeye atasema "sijambo" na kunyamaza. Andika kwenye karatasi: jina la kila dawa, miligramu, tarehe aliyoanza na aliyoacha, dawa za presha anazomeza, yale maneno ya wiki iliyopita kama alivyoyasema, na kile kipindi cha duka na banda la kuku, kilianza lini, kiliisha lini, alikuwa analala saa ngapi. Kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi, au kujiua, liandikwe pia hata kama nyumbani halitajwi. Wakiona inafaa watawapa rufaa ya Muhimbili au Mirembe, na karatasi hiyo iende nanyi.